Firigisi Ndani ya Ganda la Mkate

Kalemie, Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mimi leo sina hasira na mtu yeyote. Wasomaji wangu hawataamini.

Mama yangu yuko kwangu tangu tulipomzika baba. Nilimtoa kwake Kabimba na nguo zake chache, nikamwahidi mapumziko, na tangu afike hataki kula. Bukari, ugali wetu, anaimega kidogo, anaizungusha kwenye mchuzi, anairudisha sahanini. Kuku ndiyo kabisa, hataki hata kumwona. Mashavu yameingia ndani, na pete ya ndoa ameizungushia uzi ili isidondoke.

Naweza kubishana na mheshimiwa yeyote wa mji huu. Mbele ya sahani ya mama yangu nilikuwa sina hoja.

Leo nikajaribu kuku wa ganda, yule mkavu anayelia kru-kru mdomoni, ambaye binti yangu Neema na mdogo wake wanampenda. Kuku wetu wa kienyeji ni mgumu, kwa hiyo nilimchemsha kwanza kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi. Mikate ya juzi nilikuwa nimeikausha, nikaitwanga kwenye kinu mpaka ikawa chenga. Kila kipande kilipita kwenye unga wa ngano, kikazama kwenye yai lililopigwa, kikagaragazwa kwenye chenga, nikakiacha kitulie ili ganda lishike. Kisha mafuta ya moto juu ya mbabula, jiko letu la makaa, vipande vichache vichache. Ukijaza sufuria mafuta yanapoa, na ganda linayanywa.

Firigisi niliipaka pamoja na vingine bila kufikiri. Kwangu haina mwenyewe. Nimeandika humu mara nyingi kwamba desturi ya kumtengea baba wa nyumba firigisi ni ubwana unaoanzia sahanini, na nimetukanwa vya kutosha na wanaume wanaosoma blogu hii kwa siri. Lakini kwa mama, firigisi ni ya baba. Maisha yake yote ya ndoa aliitoa sufuriani, akaiweka juu kabisa, akafunika sahani, bila yeye mwenyewe kuionja.

Ndani ya ganda, vipande vyote vinafanana.

Mama akachukua kilicho kidogo kuliko vyote, kwa heshima tu. Akang'ata. Akatafuna, akaacha, akanitazama.

"Mama Neema, hii njo nini?"

Ningeweza kusema ni ini.

"Njo firigisi, mama. Nisamehe, sikuitenga."

Nilijua ataitema. Kiganja chake kilikuwa tayari mdomoni. Nikawaza: basi, nimeharibu, sasa hatagusa hata bukari. Lakini akaendelea kutafuna taratibu, macho yakiwa kwenye mvua, hadi akameza.

"Kumbe njo hii tu?"

"Njo hii tu, mama."

"Ngumu hivi! Na baba yako alikuwa anafumba macho, anasema, 'Eee, leo umepika!' Miye nikazani ni asali." Akaanza kucheka, cheko la tumboni, na machozi yakashuka humo humo. "Muongo yule! Meno ya nyuma yalikuwa yamekwisha yote, lakini aliitafuna mpaka mwisho, sababu miye niliiweka."

Nilikuwa na hotuba tayari. Nikaiacha, nikamsogezea sahani ya kuku.

"Weye andika mambo yako ya wanaume," akaniambia huku akijipangusa kwa kitenge, "lakini baba yako usimutie mule."

Halafu akanyoosha mkono, akachukua paja. Akalimaliza, akachukua na bawa. Ganda lilikuwa linalia mezani, na mimi na watoto tukajifanya tunatazama sahani zetu.

Nimemtia, mama. Nimemtia kama ulivyomsema wewe.

Bado nasema firigisi si ya mwanamume, na hapo sirudi nyuma, tukaneni mtakavyo. Ila mzee asiye na meno ya nyuma, anayetafuna kitu kigumu miaka na miaka ili asimvunje moyo aliyemwekea: huyo nitampinga kwa hoja gani?