Chai ya Watu Sita

Kapkatet, 5 Agosti 2024

Kwako ndugu yangu Kepher,

Salamu za nyumbani. Mama ni mzima, presha imeshuka, na mvua inakuja kila saa nane mchana kama imeandikwa kazi. Natumaini mgongo wako umepata nafuu.

Nimeandika kwa barua pepe badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu wewe unakubali kila kitu.

Wateja sita wa duka langu la chai la mtandaoni, wa huko Minnesota, wamepinga malipo. Wameambia benki zao chai haikufika, na pesa imetolewa kwa akaunti yangu ikarudishwa kwa kadi zao. Ni wale sita ambao mzigo wao ulibebwa na marehemu Mzee Oyaro kwa sanduku mwezi wa Juni, alipokwenda huko kumwona Monicah binti yake. Paketi 44 kwa dola 22, hiyo ni 968. Faini ya dola 15 kwa kila pingamizi, 90. Kampuni ya vifurushi ingenitoza shilingi 56,400, nikaona heri nitume na mtu. Nilijiona mjanja.

Wezi wa kadi nawajua. Februari nilikataa oda ya dola 600: kadi ina jina moja, mpokeaji jina lingine, na haraka isiyo na sababu. Lakini hawa ni watu wa kanisa lako. Wanakunywa halafu wanakana.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kampuni inayonipokelea malipo ya kadi inahesabu mapingamizi, na yakipita moja kwa mia kwa mwezi inafunga akaunti. Mwezi uliopita niliuza mara 188. Piga hesabu. Nisiposhinda haya, duka limefungwa. Wanataka ushahidi wa kufika, sahihi ya mpokeaji ama namba ya mzigo. Mimi nina sanduku la mtu tuliyemzika Julai. Wewe ndiwe uliyelipokea na ukaniambia umegawa. Waambie hao sita waandike mstari mmoja mmoja. Mwisho ni tarehe 19.

Dada yako,
Eucabeth

Minneapolis, 14 Agosti 2024

Kwa dada yangu mpendwa Euca,

Nimefurahi kusikia Mama anaendelea vizuri. Mimi niko salama, ni shifti tu zimebana.

Hilo jambo limenisumbua. Lakini ona, dada, hawa ni watu wazima, manesi, mmoja ni mzee wa kanisa. Nikiwaendea na karatasi ya kusaini ni kama nawaita wezi. Wacha nikutumie hizo dola 968 kutoka mfukoni mwangu, kidogo kidogo, tuyamalize kama familia.

Ukitaka ushahidi, andika kwamba mimi Kepher niligawa. Nitasaini.

Ndugu yako,
Kepher

Kapkatet, 2 Septemba 2024

Ndugu Kepher,

Tuko wazima. Mama anakusalimia.

Nilituma karatasi uliyosaini tarehe 18, na juu yake nikaandika kwa mkono wangu kwamba wateja hawa sita wanadanganya. Nilisema hivyo kwa benki sita.

Jana Jerusa Sagini, yule nesi aliyeagiza paketi kumi, alinipigia. Hakugombana. Alisema, "Mama, mimi nina miaka hamsini na nne na sijawahi kuitwa mwongo kwa maandishi. Hiyo chai yako hata rangi yake siijui." Nikamwambia ndugu yangu ndiye aliyempa mkononi. Akasema, "Basi muulize ndugu yako."

Nakuuliza. Chai iko wapi?

Eucabeth

Minneapolis, 21 Oktoba 2024

Dada Euca,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya. Najua nimekaa wiki saba bila kujibu.

Sanduku lilifika na Mzee Alhamisi, nikaliacha kwa Monicah. Nilipanga kugawa Jumapili baada ya ibada. Ijumaa Mzee Oyaro akaanguka, Jumamosi akafariki. Ukiona matanga ya huku unaweza kudhani uko Kapkatet, watu walijaa kwa Monicah mpaka kwa ngazi, siku tisa. Akina mama wakauliza chai iko wapi. Maziwa yalikuwa, sukari ilikuwa. Mtu akasema kwa sanduku la Mzee mna chai. Sikuweza kusimama mbele ya waombolezaji niseme hiyo ni ya kuuza.

Waliichemsha na maziwa, dada. Ile chai yako ya kusokotwa kwa mikono, ya kunywewa bila maziwa, kwa sufuria ya lita ishirini. Wote sita walikuja kuomboleza na wakainywa. Jerusa alikunywa vikombe viwili akasema ni nzito. Hakuna aliyejua ni yake, na mimi nikaona haya kusema. Wakati wa kusema ukapita. Ulipouliza nikasema nimegawa, na kwa njia nyingine niligawa.

Nimekosa. Nambie nifanye nini.

Ndugu yako,
Kepher

Kapkatet, 11 Novemba 2024

Kwako Kepher,

Tuko salama.

Ungeniambia wiki ile, ningerudishia watu sita pesa zao siku hiyo hiyo na kusingekuwa na pingamizi hata moja. Matanga nisingeyakataza. Mimi ninayeuza chai nitakataaje chai ya matanga ya Oyaro.

Niliondoa utetezi wangu kwa mapingamizi yote sita, nikawaandikia kila mmoja kwamba mwongo hakuwa yeye. Akaunti ilifungwa tarehe 25 Oktoba. Dola 3,310 zangu zimezuiliwa siku 180. Wale akina mama wawili wa kuchambua chai walikuwa wanakuja siku tano, sasa wanakuja mbili. Nimepata kampuni nyingine ya kupokea malipo. Inakata sita kwa mia, ya zamani ilikata tatu na nusu. Jerusa ameagiza tena paketi kumi.

Naona na wewe umeagiza paketi nne, ukalipa kwa kadi. Asante. Zimetoka leo kwa kampuni ya vifurushi, namba ya mzigo iko kwa barua pepe yako. Gharama ya usafiri nimeiongeza kwa bei. Utaonyesha kitambulisho, utasaini wewe mwenyewe, na sahihi itatumwa kwangu mimi.

Ni sheria ya wateja wote.

Eucabeth