Tarehe ya Kuanzia

Alhamisi, Likoni. Joto limenishika tangu asubuhi, buibui limenigandia mgongoni, lakini leo sikulalamika. Nimeshinda na furaha ambayo si nzuri. Nimelipiza kisasi.

Wacha niandike hapa, maana ofisini sina wa kumwambia.

Mimi ni karani katika ofisi ndogo ya msaada wa sheria. Wanakuja wajane walionyang'anywa nyumba, wapangaji waliotupiwa vyombo nje, kina mama wanaotafuta vyeti vya watoto. Kila mmoja ana faili lake ndani ya kompyuta. Zamani kila ofisa aliendesha kesi kwa jinsi ajuavyo mwenyewe, na hatua nyingine zikisahaulika. Basi nikakaa miezi mitatu nikiwauliza mmoja mmoja: kesi ya mirathi inaanza wapi, inafuata nini, kwa siku ngapi. Nikatengeneza violezo. Kiolezo ni orodha ya hatua unayoiandika mara moja tu, kisha unaipachika kwenye faili lolote la aina hiyo, na kompyuta inakuhesabia siku ya kila hatua.

Msimamizi wetu, Bwana Charo, alinicheka. "Wewe mwanangu ni karani," alisema. "Piga chapa. Mambo ya sheria tuachie sisi."

Mwezi uliopita mkurugenzi, Bi Salma, aliitisha kikao cha wakuu. Bwana Charo akasimama, akaonyesha violezo vyangu ukutani, akaviita vyake. Hata neno "mirathi" nililoliandika mara mbili kwa haraka, alilisoma mara mbili. Wakampigia makofi. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai.

Nikammiminia, nikamtilia sukari vijiko viwili kama apendavyo.

Tangu siku hiyo sikumsamehe. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake kwa adabu zote, na moyoni namtafutia siku.

Siku akaileta mwenyewe. Jumatatu aliniagiza niviweke violezo kwenye mafaili ya zamani pia, siyo mapya peke yake. Hapo pana jambo ambalo hakulijua, kwa kuwa hajawahi kuvitumia. Ukipachika kiolezo kwenye faili la zamani, kompyuta inakuuliza ianze kuhesabu lini: leo, au siku faili lilipofunguliwa? Ukichagua leo, hatua zote zinaonekana bado ziko mbele. Ukichagua siku ya kufunguliwa, kila hatua iliyopitwa inawaka nyekundu, na jina la ofisa kando yake.

Wallahi nilimuuliza. "Tarehe ya kuanzia iwe ipi, Bwana Charo?"

"Usinisumbue na vitu vidogo," akasema, macho kwenye simu. "Fanya ujuavyo."

Nikafanya nijuavyo.

Leo kikaoni Bi Salma akafungua orodha. Mafaili ya Bwana Charo yalikuwa mekundu toka juu hadi chini. Kuna mzee wa mtaa wa Bofu aliyefungiwa nyumba yake na mpwawe. Barua ya onyo ilitakiwa iandikwe ndani ya wiki mbili. Miezi saba imepita. Bi Salma hakupandisha sauti. Alisoma majina ya watu, moja moja, na baada ya kila jina akauliza, "Na huyu naye?"

"Hivi violezo vina hitilafu," Bwana Charo akasema.

"Si ni vyako?"

Mimi nilicheka ndani kwa ndani hadi mbavu zikaniuma. Kufikia adhuhuri Bwana Charo alikuwa ameshaandika barua ya mzee wa Bofu. Niliipiga chapa mimi, kwa raha zangu.

Sasa niseme na lile ambalo sipendi kulisema.

Mimi pia nina mafaili. Karani hupewa yale mepesi, ya kufuatilia vyeti. Yangu yote niliyachagulia tarehe ya Jumatatu, siku niliyopachika, siyo ya kufunguliwa. Kikaoni hayakuwa na doa, na Bi Salma akanisifu mbele ya watu. Kati ya hayo limo la Mejumaa wa mtaa wa Shika Adabu, anayetafuta cheti cha kuzaliwa cha bintiye ili asajiliwe kwa mtihani. Sikumwandikia msajili hata mstari mmoja. Mwanzo nilishughulika na violezo. Baadaye nilishughulika na hasira.

Saa kumi jioni, kabla ya kufunga ofisi, nilikitoa kile kiolezo kwenye faili lake, nikakipachika upya kwa tarehe ya kweli. Hatua nne zikawaka, jina langu kando. Sikufanya kwa wema. Najua Bwana Charo ataanza kunichimba, na sitaki apate pa kunishika.

Kisha nikampigia Mejumaa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

"Ah, dadangu," akasema kwa upole, "mimi nilidhani ushaacha kazi."

Nimemwambia aje kesho asubuhi na kadi ya kliniki ya mtoto.

Bwana Charo simwonei huruma, hata sasa ninapoandika. Ningeambiwa nirudie, ningerudia. Lakini kiti cha wageni pale ofisini kiko mbele ya meza yake, na Bwana Charo hatakosa kumuuliza Mejumaa amengoja tangu lini.

Nitamtoa nje tukazungumzie uani, au nitamwacha ajibu palepale?