Kazi Isiyo ya Baba Kumweleza Binti

Lipangalala, Ifakara
14 Januari 2024

Ndiyo, baba, mume wangu anaula ugali wangu hata ukiwa na madonge, tena anaomba kuongezwa! Ndilo swali lako nililosahau kulijibu kwenye barua ya Krismasi, nimelikumbuka leo nikiwa nasonga.

Shikamoo baba yangu. Kifua kinaendeleaje? Jirani yako Mama Febronia bado anakuletea uji asubuhi? Sisi huku wazima kabisa, tunakula, tunalala, tunacheka. Majirani wananitania: "Getrude, karne hii unaandika barua?" Nawaambia masikio ya baba yangu yaliondoka na homa ya uti wa mgongo, na ujumbe wa simu yeye anasema ni wa watu wasio na la kusema.

Baba, sijui nianzie wapi kukueleza kuhusu Lukelo. Anarudi kutoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga ana pumba mpaka kwenye nyusi, na kabla hajanawa ananiita "Bi Harusi" kama vile tumefunga ndoa jana, wakati ni mwezi wa pili sasa. Juzi alinibebea ndoo ya maji mbele ya wenzake. Wakamwambia, "Mwenzetu, umeoa au umeajiriwa?" Akajibu, "Nimeajiriwa, na kazi naipenda." Nilitamani ardhi ipasuke, na nilitamani arudie.

Lile kopo la rangi lenye kiazi cha ua, ulilonipa siku ya harusi, wengine wakitoa masufuria na mablanketi, limechipua! Majani mawili, yamesimama kama mikuki. Nimeliweka kivulini, ukutani mwa bafu. Lukelo kila jioni analiuliza hali.

Mwanao akupendaye,
Getrude

*

Lupiro
24 Januari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo. Kifua kinakohoa, sikisikii ila kwa mtetemo wa mbavu. Nilimsomea Febronia barua yako akacheka mpaka akakaa chini. Kaandika kwenye kibao changu kwamba mume wa kubeba maji huchoka mwaka wa pili. Nikamwambia mimi nilimbebea mama yako miaka kumi na tisa, nikaacha siku tuliyomzika.

Sasa nikueleze la maana. Juzi nilibebwa kwa baiskeli mpaka kule mbugani nilikoyakuta maua yale, enzi nikiwa mtunza bustani wa misheni. Trekta limepita. Ni mpunga mpaka macho yanapoishia. Nilizunguka tangu asubuhi na fimbo yangu, sikuona hata jani moja. Nilipokupa lile kopo nilidhani huko yamebaki mengi. Kumbe ninayoyajua mimi yamebaki mawili: langu na lako. Mtaalamu aliyekuja zamani kuyachora aliniambia ni okidi, ila ya ardhini, isiyopanda mti, na kwamba kwingine hajaiona.

Usilihamishe sasa. Likishachipua ukilitikisa linanuna na kurudi chini. Lakini likitoa ua kuna kazi ya kulifanyia, maana peke yake haliweki mbegu. Kazi yenyewe si ya baba kumweleza binti yake. Lukelo naye ni mkwe, siwezi kumtamkia. Shangazi yako Fausta angekuwa hai ningemtuma yeye. Basi likichanua niandikie siku hiyo hiyo, nitatafuta mtu mzima wa kukuambia.

Baba yako

*

Lipangalala
17 Februari 2024

Baba, limechanua!

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa. Ulisema nikuandikie siku hiyo hiyo, nisamehe, lilifunguka Jumapili na leo ni Jumamosi, wageni wa Lukelo kutoka Iringa walijaa nyumbani. Lakini baba, kwa nini hukuniambia kwamba ni zuri hivi? Maua manne kwenye bua moja, ya njano iliyofifia kama siagi, na midomo ya zambarau. Nilikuwa nikiamka, kabla ya kuswaki, naenda kuliangalia.

Sasa sikiliza alichofanya mkwe wako. Jumatano ilikuwa Siku ya Wapendanao, tena mwaka huu ikaangukia Jumatano ya Majivu. Nikiwa bafuni nasikia, "Bi Harusi, funga macho!" Nikatoka nimefunga. Akanichomekea kitu nyweleni. Alikuwa amelikata lile bua lote kwa kisu cha mkate! Nilipiga kelele kidogo, halafu nikalia, baba, kwa furaha. Tangu nizaliwe hakuna aliyenipa ua.

Nikaenda nalo kanisani. Padre ananipaka majivu, anatazama nywele zangu: "Mama, umekuja kutubu au kuolewa?" Nikasema, "Nimeshaolewa, padre." Mstari mzima ukacheka, na Lukelo akainamisha kichwa kama mwizi.

Sasa liko kwenye glasi karibu na kitanda, bado linang'aa. Ile kazi uliyoisema labda haina haja tena, sivyo? Kama mtu mzima umeshampata, mshukuru tu.

Mwanao mwenye bahati,
Getrude

*

Lupiro
20 Februari 2024

Getrude,

Marahaba. Leo sina salamu ndefu. Barua yako nimeshinda nayo kutwa mapajani.

Simkasirikii Lukelo. Angejuaje? Na wewe ungejuaje? Aliyejua ni mimi, nikaona haya. Mtu mzima wa kukuambia sikumpata, kila niliyemwendea alicheka. Sasa nakuandikia mwenyewe, na siku tutakapoonana usinikumbushe.

Ua hili lina uume na uke ndani yake, lakini halijioi. Linataka mwenzake kutoka kwenye kiazi kingine. Tazama juu ya mdomo wa zambarau, kuna kofia ndogo, ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Ifunue kwa njiti. Chini yake kuna vidonge viwili vya njano, vinanata. Hivyo ndivyo vya kiume. Vinatakiwa vikae kwenye kishimo chenye utomvu ndani ya ua langu. Likipokea, shingo yake inavimba kama tumbo la mama. Mbegu zake ni vumbi, maelfu kwa maelfu, na hazioti popote ila kwenye udongo wa mama yao, maana udongo ule una chachu yake kama unga wa maandazi. Nimesema. Mungu anisamehe.

Langu litafunguka wiki hii, litakaa siku kumi hivi. Vidonge vikiwa vikavu vinadumu wiki mbili, pengine tatu. Vitoe leo. Viweke ndani ya kiberiti, na punje chache za mchele uliokaangwa ili zinyonye unyevu. Uje navyo mwenyewe. Mimi mguu hadi mlangoni ni safari.

Fanya haraka, mwanangu.

Baba yako

*

Lipangalala
9 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui kama barua hii itakufikia, lakini Abdul wa bodaboda anasema atajaribu kupita kwa mtumbwi.

Barua yako aliniletea tarehe mbili Machi. Alikaa nayo mfukoni siku kumi na moja kwa sababu maji yalimfungia upande wenu. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena, sikuona aibu yoyote baba, niliona giza.

Ua nilikuwa nimelitupa siku mbili kabla. Lilikuwa limenyauka. Nikakimbilia shimo la taka, nikafukua maganda ya ndizi kwa mikono. Bua nikalipata. Maua matatu yalikuwa yameoza. La nne lilikuwa limekauka upande mmoja, nikafunua kofia kama ulivyosema, na vidonge vilikuwepo. Viwili. Vya njano. Lukelo alinishikia tochi ya simu, akaniuliza, "Ndiyo hivi tu? Hivi vidogo ndivyo nilivyovikata?"

Tukakaanga mchele. Asubuhi yake tukaondoka kwa pikipiki ya Lukelo. Darajani tulipita salama, mbele yake barabara ilikuwa imesombwa. Watu walikuwa wanavuka kwa kushikana mikono, maji kiunoni. Kiberiti nilikifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikakiweka kwenye kilemba. Katikati mguu ukateleza. Lukelo alinikamata mimi. Kilemba kilikwenda na maji.

Alitaka kukifuata, baba. Wanaume watatu walimshika, na mmoja akamtukana: "Utakufa kwa ajili ya kitambaa?" Tangu siku hiyo anakula kidogo, na Bi Harusi hajaniita.

Niambie kama lako bado liko wazi. Hata kama haisaidii, niambie.

Mwanao,
Getrude

*

Lupiro
19 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Ashukuriwe Mungu kwamba alikukamata wewe. Mkwe wangu mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Langu lilifunguka tarehe ishirini na sita Februari. Nilikaa nalo. Tarehe nane ua la mwisho lilianguka, shingo haikuvimba. Barua yako imenikuta nimeshalifagia.

Lako halijafa. Kukata bua si kuua kiazi. Chini ya udongo kiazi cha zamani kinanywea, kipya cheupe kinakua pembeni yake, hicho ndicho cha mwakani. Ila sikiliza sana: majani yakianza kuwa njano, acha maji. Utaona huruma, utadhani lina kiu. Lina usingizi. Ukilimwagilia kwa huruma kiazi kitaoza.

Mwakani yakichanua yote mawili, mnajua la kufanya. Nasema mnajua, sisemi tunajua. Wiki iliyopita kifua kilitoa damu, na juzi tena. Febronia anataka nipelekwe hospitali. Nimemwambia nitafikiri, naye anaijua maana yake.

Baba yako

*

Lipangalala
28 Aprili 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliiweka chini ya mto wa kulalia, kila nikiigusa nalia, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Nenda hospitali, nakuomba. Mama Febronia akubebe hata kwa nguvu.

Majani yalianza kuwa njano baada ya Pasaka. Baba, huwezi kujua nilivyoteseka. Nilishika kopo la maji mara tatu, na mara ya tatu Lukelo akalichukua mkononi mwangu akayanywa yote. Akasema, "Basi. Sasa hayapo." Tukacheka, mara ya kwanza tangu mafuriko. Bado nampenda vilevile, baba, au zaidi, ila sasa upendo wenyewe umekuwa kimya kimya. Jana alirudi na makuti, amelijengea kopo la ua banda dogo, wenzake wakamwuliza kama amenunua kuku.

Ningekuja nikuuguze na kulichukua kopo lako, lakini dada wa kliniki amenikataza pikipiki na barabara mbovu mpaka mwezi wa kumi. Usiniulize kwa nini. Wewe ni baba. Na Lukelo sitaki aniache peke yangu, kwa sababu hiyo hiyo.

Nifanye nini?

Mwanao,
Getrude

*

Lupiro
7 Mei 2024

Mwanangu Getrude,

Marahaba, tena marahaba mara mbili. Sikuulizi kitu. Febronia nilipomwonyesha ile sehemu ya kliniki alipiga vigelegele, niliviona mdomoni mwake.

Usifanye lolote. Langu nalo limelala sasa, majani yamekwisha, na huu ndio wakati wa kulihamisha. Nakuja nalo. Najua si desturi baba wa msichana kulala kwa mkwe wake, tena bila kuitwa. Wazee wenzangu wamenikumbusha kwa maandishi, kibao kikajaa. Nimekifuta.

Yakae pamoja kwenye banda moja, mvua zijazo zisikute tena mto katikati yake. Na huyo Lukelo nataka nimwonyeshe ile kazi kwa mkono wangu, kwa ua la boga, maana maneno yangu yalikwishachelewa mara moja. Tutaona haya sote wawili, itapita. Mwambie atafute boga lililochanua.

Hospitali nilikwenda. Walichosema nimekiacha huko huko.

Abdul anasema barabara inapitika kwa uangalifu. Febronia anasema nitafia njiani. Nimemwambia basi kopo lifungwe kifuani kwa Abdul, lisifungwe kwangu, ili walau mmoja wetu afike.

Nisubirini. Nitakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Baba yako