Bibi Habaki na Paka

Wajukuu zangu,

Chai iko kwenye chupa. Paka ameshakula, asiwadanganye.

Asubuhi nimemsikia baba yenu akimnong'oneza mama yenu: "Tukienda likizo mji wa kale, Mama abaki na paka. Ngazi za ngome zitamchosha." Mama, yaani mimi! Nimezeeka miguu, masikio bado.

Basi nimekwenda kununua raba. Ngome nitaipanda. Na kule kwenye bustani ya michezo, ile treni inayopinduka kichwa chini miguu juu, nishikieni kiti ~~cha nyuma~~ cha mbele kabisa, jamani!

Wa kubaki na paka ni baba yenu. Huyo hata bembea ilikuwa ikimliza.

Bibi yenu, msafiri