Pajama ya Baba na Mkanda Wake

Jumapili mchana, Sofu, Kibaha. Manyunyu tangu alfajiri, wala hayakolei wala hayaachi. Nguo nimezianika sebuleni juu ya viti, na mimi nimejibanza katikati yake na cherehani ya marehemu mama. Nimechoka. Nimefurahi. Macho yananiwasha kwa kulia, lakini ni kilio kile kizuri.

Naandika haraka kabla baba hajaamka.

Baba yuko kwangu wiki ya tatu sasa. Kiharusi kilimkuta nyumbani Kisarawe akiwa peke yake, kikamwachia mkono wa kushoto mzito na mguu wa kuburuta. Daktari akasema mazoezi ya viungo, mara tatu kwa wiki, miezi mitatu bila kukosa. Hapa Kibaha kliniki iko karibu, kwa hiyo nikamleta, na begi lake, na Biblia yake, na hii cherehani, maana alikataa katakata kuiacha kwenye nyumba isiyo na mtu.

Nilichosahau ni kwamba nyumba yangu ina mkwe wake.

Baba ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, mtu wa zamani hasa. Kwake, baba kulala kwa binti aliyeolewa tayari ni mtihani. Kuonwa na mkwe akiwa na nguo za kulalia ndiyo kabisa, bora afe. Na choo chetu kiko ng'ambo ya sebule. Basi mzee wangu akawa analala na suruali ya kaki, shati la vifungo, na mkanda. Mkanda umefungwa! Nami nafua, naanika, sijiulizi mbona sijawahi kuona nguo ya kulalia kwenye beseni.

Muuguzi wa mazoezi ndiye aliyeniita pembeni. Mzee ana michubuko kiunoni, akaniambia, upande ule ambao hasikii vizuri. Alale na kitu laini chenye lastiki. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikalisema jambo hilo mezani, Elia mume wangu akiwapo. Ujinga wangu huo. Baba alikunywa chai yake hadi ikaisha. Siku ya pili akaniita chumbani kwake.

"Mwanangu, Jumatatu unirudishe Kisarawe. Kwangu nalala ninavyotaka."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningebishana naye. Alikuwa na aibu, na aibu ya baba yako huwezi kuijibu. Lakini nilijua akirudi Kisarawe mazoezi yamekatika, na ule mkono utabaki hivyo hivyo mpaka mwisho.

Nikaamua kumshonea pajama. Za dukani nilizoziona zina katuni, nyingine nyepesi hadi mwili unaonekana. Nilitaka pajama ambayo mzee wa kanisa anaweza kuvuka nayo sebule bila kuinamisha kichwa.

Sasa mimi na cherehani, Mungu anajua. Mama alishona sare za nusu ya watoto wa mtaani kwetu, na kila aliponiita nikae nijifunze nilimwambia nina masomo. Alikuwa akicheka tu, anaendelea kukanyaga. Leo ningetoa chochote aniite tena.

Halafu vipimo. Binti ampime baba yake kiuno na makalio? Sikuthubutu hata kuwaza. Nilivizia siku aliyokwenda mazoezi, nikaichukua ile suruali yake ya kaki kwenye kamba, nikaifunga zipu na kifungo, nikaitandaza mkekani juu ya shuka la pamba lenye mistari ya bluu, nikaizungushia chaki. Nikajiona fundi. Nilikata, nikashona, nikatia lastiki, na Jumamosi asubuhi nikamwekea kitandani, imekunjwa na kupigwa pasi.

Akafunga mlango ajaribu. Nikasubiri nje.

Nikasubiri sana.

"Baba, vipi?"

"Nakuja."

Hakuja. Nilisikia kitanda kikilia, kikanyamaza, kikalia tena. Hapo ndipo akili ikanijia kama mtu amenimwagia maji. Suruali ya kaki ina zipu, inafunguka. Yangu haifunguki popote, kwa hiyo lazima kwanza ipite makalio ndipo lastiki ibane kiuno. Mimi nimeikata kwa upana wa kiuno kilichofungwa. Baba yangu amekwama. Suruali iko mapajani, haipandi haishuki, na ana mkono mmoja tu wenye nguvu.

Nikashika kitasa.

"Usiingie." Sauti ile ya darasani.

Nikabaki pale na machozi yangu. Nilijua nimeharibu kila kitu, kwamba hata Jumatatu ni mbali, ataondoka leo hii. Elia alikuwa uani anatengeneza bomba. Akaja, akanitazama, akaosha mikono. Sikumweleza kitu. Akagonga mlango taratibu.

"Hodi, baba. Ni mimi, mkwe wako."

Sikuwahi kuomba Mungu nikiwa nimesimama kwenye korido, mpaka jana.

"Ingia," baba akasema. "Ingia ufunge mlango."

Yaliyotokea mle ndani siyajui na sitayauliza. Najua mtu aliguna, kisha baba yangu akacheka. Sijamsikia akicheka tangu augue. Alicheka hadi akakohoa, na Elia naye akadakia.

Mlango ukafunguka kidogo, mkono wa Elia ukatoka. Anataka futi ya kupimia. Nikampa, mlango ukafungwa, na baba akaanza kunisomea vipimo kwa sauti kama imla.

"Andika! Makalio arobaini. Mama yako alikuwa anaanza na makalio. Wewe umeanza na nini?"

"Nimeanza na suruali ya kaki, baba."

Wakacheka tena, wote wawili. Nami nikaandika, huku wino unalowa.

Nilifumua jioni ile ile. Nilikata vipande viwili virefu kwenye mabaki ya shuka nikaviongeza ubavuni, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimebaki kidogo, mistari yake imelala wakati mingine imesimama. Ukiitazama vizuri ni suruali ya mpiga tarumbeta. Sikuwa na la kufanya.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, nilikuwa namimina chai. Elia yuko mezani. Mlango wa baba ukafunguka, nikasikia ule mguu unavyoburuta, taratibu, kuelekea sebuleni. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atarudi.

Akavuta kiti, akaketi mbele ya mkwe wake.

Amevaa pajama. Juu amevaa shati lake lile lile, limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Na juu ya lastiki, juu ya mistari yangu iliyopotoka, amevaa mkanda. Si wa kubana, ameulegeza hadi tundu la mwisho, unaning'inia tu. Elia hakucheka. Alimsogezea sukari, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba.

Baba akakoroga chai kwa mkono wa kulia, kisha akauliza, hata hanitazami, "Kesho mazoezi ni saa ngapi?"

"Saa tatu, baba."

"Sawa." Akanywa. "Mwanangu, kazi ni nzuri. Ila hukuweka pa kupitishia mkanda."

Basi ndiyo shughuli yangu ya leo. Nimekata vipande sita vidogo kwenye mabaki ya mwisho ya shuka, nimevikunja, nimevibana kwa pini. Naanza kukanyaga, polepole, asiamke. Pajama ya baba yangu itakuwa na lupu za mkanda, mbili mbele, mbili ubavuni, mbili nyuma.