Maikrowevu na Kikombe cha Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Juni 1992

Maziwa ya Mama mkwe kwanza, cherehani baadaye. Kama kawaida. Ila leo bila makaa. Maikrowevu ambayo bosi wa Haruna alimwachia akirudi kwao Ulaya iko mezani, nimeifunika kitambaa kama bibi harusi. Haruna amenikaripia: toa hicho, inapumulia nyuma. Mume wangu amekuwa fundi ghafla.

Nikatia kikombe cha bati cha Mama. Cheche! Nimepiga kelele mpaka jirani kaja. Nikazima, nikachomoa waya. Kumbe bati haliingii humo.

Jumatano, 3 Juni

Natumia kikombe cha plastiki kilichokuja nayo. Rahisi mno. Kitufe, mlio, basi. Nimemaliza blauzi ya mteja kabla ya adhuhuri. Naona hata aibu jinsi ninavyoipenda. Cha bati nimekipandisha juu ya kabati.

Ijumaa, 5 Juni

Siku mbaya. Mama haoni vizuri, hupima kila kitu kwa viganja. Amekishika kikombe, hakina joto, akapiga funda kubwa. Maziwa yalikuwa ya kuunguza.

"Kikombe iko baridi, ndani iko moto! Unataka kuniua?"

Ulimi umevimba. Nimempa maji baridi, akakataa kuyapokea mkononi mwangu. Nimelia nyuma ya nyumba.

Jumamosi, 6 Juni

Mama hali chochote nilichopika. Amemwambia Haruna atahamia Gahanga, kwa mwanawe mdogo, Shabani. Miaka yote nimelalamika kwamba ananisimamia hata nikikata kitunguu. Sasa anaondoka, na sitaki. Cherehani alinifundisha yeye, mama yangu alipofariki. Sitaki, basi.

Haruna anasema turudi kwenye makaa. Labda. Lakini mashine haina kosa. Mimi ndiye niliyebadilisha kikombe bila kumwambia anayeona kwa mikono.

Jumanne, 9 Juni

Nimejaribu mwenyewe. Maziwa ya juu moto, ya chini vuguvugu. Lazima kukoroga, kuyaacha yatulie, kisha kuonja. Kuonja! Kwetu mgeni hapewi kinywaji kabla mwenye nyumba hajakionja mbele yake. Mama nilikuwa simwonjei, si ni wa nyumbani?

Jioni nimekoroga, nimesubiri, nimeonja mbele yake kwa kufyonza, asikie. Hakunywa. Ila safari hii hakunigeuzia mgongo.

Alhamisi, 11 Juni

Mfuko wake uko mlangoni, umefungwa. Shabani anakuja Jumapili. Nimeshona mkono wa gauni kinyume, nikaufumua.

Jumapili, 14 Juni

Nimepasha, nimekoroga, nimeacha yatulie, nimeonja. Halafu nikateremsha kikombe cha bati, nikayamimina humo. Ni jambo dogo, sijui kwa nini sikuliwaza mapema.

Mama amekikumbatia kwa viganja viwili. Nilikuwa naogopa hata kukaa.

"Hii yangu inasema kweli," akasema. Akanywa mpaka chini.

Shabani amekuja, amekunywa chai, amerudi Gahanga peke yake. Mfuko bado uko mlangoni. Nimeusogeza ndani ili nifagie, na Mama hakuurudisha.