Picha Iliyo Sebuleni Kwako

Ibaba, Ileje
9 Juni 2014

Kwa Kaka Lusungu, Chapwa, Tunduma.

Shikamoo kaka. Habari za huko? Goti la wifi Nesta linaendeleaje? Sisi huku tunaamka, ila baridi inatutesa na viazi bado hatujamaliza kuchimba. Mama anakohoa, lakini anakula.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mwanangu Gwantwa. Amerudi Jumapili kutoka kwako macho yamevimba. Anasema alikwenda kujiandikisha mbio za kilomita arobaini na mbili, na wewe, mjomba wake, mwenyekiti wa kamati, ukamfuta jina mbele za watu. Eti wanawake kilomita kumi zinawatosha. Eti mwili wa mwanamke hauziwezi, akianguka njiani lawama ni zako. Halafu ukampeleka sebuleni ukamwonyesha ile picha, ajue mkimbiaji anafananaje. Jamani kaka, huna hata haya?

Umesahau mwaka themanini na nane? Mbio za Nanyala, kilomita hizo hizo arobaini na mbili, zilikuwa za wanaume tu. Namba ulipewa wewe, na asubuhi ya mbio ulikuwa Nakonde, umelala kwa pombe. Tulikuwa tumemzika baba wiki ile, tumenyolewa ukoo mzima, na sura zetu ndizo hizi hizi, zimefanana kama za mapacha. Nikavaa bukta yako na fulana yako, nikajipanga na wanaume. Nilimaliza wa tatu, kucha mbili zimeng'oka. Wakanipiga picha, ndiyo hiyo ya sebuleni kwako, wakanipa na cheti chenye jina lako. Kwa cheti kile ukaajiriwa kwenye maghala, ukajenga. Mimi nikarudi kwenye jembe.

Miaka yote nimekwambia nilikimbia ili kukusitiri. Leo nakiri, nilikudanganya. Nilikimbia kwa sababu nilizitaka mbio zile kuliko kitu chochote. Uliponiomba cheti nilikupa kwa woga tu, na roho inaniuma mpaka leo.

Sasa siogopi. Gwantwa nimemweleza yote. Kikao cha kamati ni Jumamosi hapo sebuleni kwako: rudisha jina lake, nami nitanyamaza kama nilivyozoea. Usiporudisha, nitakuja nisimame kando ya picha hiyo. Kovu linaloonekana pichani juu ya sikio la kushoto wajumbe watalitafuta kwako, hawatalipata. Jana Gwantwa ameninyoa, kwangu linaonekana vizuri.

Mama alipokiona kichwa changu aliuliza nani amekufa. Nimemwambia asubiri Jumamosi.

Wasalimie wanao wote, na wifi ajikande goti kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
Marita